Tendaguru, Berlin au Utah: Uende Wapi Kuona Visukuku vya Dinosaria?

Anayetaka kuona mifupa ya dinosaria kwa macho yake hana budi kujiuliza kwanza anataka kuona nini hasa, kwa sababu mahali mifupa ilipochimbwa na mahali inapotunzwa leo mara nyingi ni nchi mbili tofauti, na wakati mwingine ni mabara mawili. Wapo wanaotaka kumwona mnyama mzima amesimamishwa ukumbini. Wapo wanaotaka kuuona mfupa ukiwa bado umeng'ang'ania mwamba uliouhifadhi. Na wapo, nami ni mmoja wao, ambao hawatulii mpaka waikanyage ardhi yenyewe, hata kama siku hiyo haitawaonesha hata jino moja. Mahali panapokidhi haja ya kwanza kwa kawaida hapakidhi ya tatu, na ndiyo maana kumwuliza mtu "wapi ni pazuri zaidi" bila kumwambia unachokitafuta hakukufikishi mbali.

Kwa Mtanzania swali hili lina uzito wake wa pekee. Mifupa iliyobebwa kutoka kilima cha Tendaguru, Lindi, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ambayo wengi tunaiita kwa mkato "mjusi wa Tendaguru", imo Berlin, na suala la kuirudisha limezungumzwa hata bungeni. Jina la mjusi limezoeleka na lina sababu yake, kwani neno lenyewe la dinosaria lilitungwa na Mwingereza Richard Owen mwaka 1842 kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya mjusi wa kutisha. Hata hivyo dinosaria hawakuwa mijusi; ndege wa leo ni uzao wao, na baada ya hao jamaa zao wa karibu zaidi walio hai ni mamba.

Kabla ya kulinganisha, kosa moja lisahihishwe, kwa kuwa nimelisikia mara nyingi kutoka kwa watu waliosoma vizuri tu. Bonde la Oldupai halina dinosaria. Tabaka zake za chini kabisa hazizidi miaka milioni 2 na ushei, na sifa yake ni mabaki ya binadamu wa kale, likiwemo fuvu maarufu la Zinjanthropus lililopatikana mwaka 1959. Dinosaria walitokea katika kipindi cha Triasi, zaidi ya miaka milioni 230 iliyopita, na wote isipokuwa ndege walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Kwa hiyo mahali pa kuwatafuta ni pale palipo na miamba ya mashapo ya umri huo, yaani mchanga, tope na udongo wa mito, maziwa au fukwe za kale vilivyogeuka mawe, na ambapo mmomonyoko umeifunua miamba hiyo tena. Jangwa husaidia kwa kuwa halina majani ya kuficha kitu, na hiyo ndiyo sababu majina mengi utakayoyasoma hapa ni ya nchi kame. Tendaguru ni tofauti: kuna miti, nyasi ndefu na udongo mzito juu ya mifupa.

Machimbo mawili ya mwaka mmoja

Ulinganisho wenye mafunzo kuliko wote ni kati ya Tendaguru na machimbo yaliyo mpakani mwa majimbo ya Utah na Colorado huko Marekani, yanayojulikana kama Dinosaur National Monument. Yote mawili yana miamba ya mwishoni mwa kipindi cha Jurasi, takriban miaka milioni 150 iliyopita. Kazi kubwa ilianza katika yote mawili mwaka 1909. Wanyama wao walikuwa ndugu: Marekani kuna Stegosaurus mwenye mabamba mgongoni, Tendaguru kuna Kentrosaurus mwenye mabamba mbele na miiba mirefu nyuma, Colorado kulichimbwa Brachiosaurus mwaka 1900, na yule mkubwa wa Tendaguru alipopewa jina mwaka 1914 aliwekwa katika jenasi hiyohiyo, kabla wataalamu wa baadaye hawajaamua kwamba tofauti zake zinatosha kumpa jina lake mwenyewe, Giraffatitan. Jambo lililoyatenganisha machimbo haya ni uamuzi wa watu kuhusu mifupa ibaki wapi.

Huko Utah, Earl Douglass alikuwa akifanya kazi kwa niaba ya makumbusho ya Carnegie ya Pittsburgh alipoona, tarehe 17 Agosti 1909, pingili nane za mkia zikiwa zimepangana mwambani. Miaka ya mwanzo mifupa ilisafirishwa kwenda Pittsburgh kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Lakini mwaka 1915 eneo lilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na Douglass mwenyewe akashauri kwamba sehemu ya mifupa ichongwe tu na kuachwa pale ilipo, kisha ijengewe paa. Ushauri huo ulichukua miaka mingi kutekelezwa, lakini matunda yake ndiyo mgeni anayoyaona leo: ukuta wa mwamba wenye mifupa ipatayo 1,500, mapaja, mbavu, shingo na fuvu, imelaliana kama magogo yaliyosombwa na mto na kukwama kwenye kona. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa hasa, kwani hapo palikuwa na kitanda cha mto, na tabaka lililokuwa limelala liliinuliwa baadaye na nguvu za dunia hadi likawa ukuta. Sehemu ya chini ya ukuta inafikika, na wageni wanaruhusiwa kuigusa mifupa ya kweli kwa mkono. Udongo unaotanuka na kusinyaa chini ya jengo uliwahi kulipasua kiasi kwamba lilifungwa mwaka 2006, na ukumbi mpya ukafunguliwa mwaka 2011.

Kwa mtu anayetaka kuelewa jinsi mfupa unavyokuwa kisukuku, sijui mahali panapofundisha vizuri kuliko hapo. Picha ya kitabuni humwonesha msomaji mnyama; ukuta ule huonesha mauti ya wanyama wengi, mafuriko, mchanga, na muda. Wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani, hasa majimbo ya magharibi, wanaweza kuifanya safari hiyo kwa gari. Kwa anayetoka Afrika Mashariki, viza na nauli huifanya kuwa safari ya kuiwekea akiba ya muda mrefu.

Sasa Tendaguru. Kilima hiki kiko takriban kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, upande wa kijiji cha Mipingo. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Sattler, aliona mifupa mikubwa iliyojitokeza juu ya ardhi; mwaka uliofuata Eberhard Fraas alikuja kuikagua; na kuanzia 1909 hadi 1913 msafara wa Berlin, ukiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig kisha Hans Reck, ukachimba kwa ukubwa ambao haukuwahi kuonekana Afrika. Haya majina ya Wajerumani ndiyo yaliyojaa vitabuni. Lakini mashimo yalichimbwa na mamia ya watu wa nchi ile, katika eneo lililokuwa limetoka tu kuteseka kwa Vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata, na mkuu wao kazini alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye aliijua kazi ya kuutoa mfupa dhaifu mwambani bila kuuvunja kuliko wengi waliokuja kumsimamia. Mifupa ilifungwa kwa plasta, kwa udongo pale plasta ilipokosekana, ikazungushiwa vipande vya mianzi kama pipa, kisha ikachukuliwa na wapagazi kwa kichwa na kwa mabega, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Jumla ilizidi tani 200. Ukiujua umbali huo na joto la Lindi, takwimu hiyo haipiti masikioni kirahisi.

Sayansi imeanza, kwa kuchelewa sana, kulipa sehemu ndogo ya deni hilo kwa majina. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii kwa heshima ya Boheti, na mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei, jina linalowataja Wamwera pamoja na Mohammadi Keranje, aliyekuwa msimamizi wa uchimbaji.

Je, mgeni wa leo anaona nini Tendaguru? Lazima aseme kweli atakayekushauri: anaona pori, mteremko, mashimo ya zamani yaliyojaa majani, na, kwa bahati na kwa macho ya mwenyeji, vipande vidogo vya mfupa vilivyooshwa na mvua. Hakuna ukumbi wala mifupa iliyosimamishwa. Barabara ya mwisho ni ya vumbi, na wakati wa masika hugeuka tope. Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo ya kuendea. Ni busara, na ni adabu, kupita kwanza ofisi ya kijiji na kupata mtu wa kukuongoza. Mwanafunzi wa jiolojia au historia atapata mengi. Mtoto wa miaka minane aliyeahidiwa "kuona dinosaria" atarudi akilia, na kosa litakuwa la aliyemwahidi.

Berlin, nusu ya pili ya Lindi

Mtoto huyo, kama uwezo upo, apelekwe Berlin. Katika ukumbi mkuu wa Museum für Naturkunde amesimama Giraffatitan wa Tendaguru, urefu wa mita 13.27 kutoka sakafuni hadi kichwani, mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa juu kuliko mingine yote duniani. Ukisimama kando ya mguu wake wa mbele, mfupa wa mkono wa juu peke yake una zaidi ya mita 2, kwa hiyo mtu mrefu aliyenyoosha mgongo anaishia chini ya ncha yake. Kumzunguka wapo wenziwe wa nchi moja: Dicraeosaurus mwenye shingo fupi, Kentrosaurus na miiba yake, na Elaphrosaurus mwepesi wa mbio. Si kila mfupa wa yule mkubwa ni wa asili. Baadhi ya pingili za mgongo na fuvu lililoko juu ni nakala, kwa sababu mifupa halisi ni mizito na dhaifu mno kuning'inizwa, na wanyama wengine wa aina yake walichangia mifupa iliyokosekana kwake. Hilo halimpunguzii chochote. Makumbusho mengi duniani huonesha nakala tupu za plasta.

Ninapolinganisha Berlin na Tendaguru nashindwa kusema kipi kinamtosha mtu. Anayeona Berlin pekee huona mnyama asiye na nchi. Kibao humwambia jina la kilima, lakini hawezi kuhisi kwamba mahali pale palikuwa pwani, penye wangwa na maji ya kupwa na kujaa, ambako miguu mizito ilizama kwenye tope. Anayeona Tendaguru pekee huona nchi isiyo na mnyama wake. Suala la kurudisha mifupa hii lina pande nyingi, kuanzia haki ya walioichimba hadi gharama ya jengo la kuihifadhi, na mimi naamini kwamba Lindi inastahili makumbusho yake kwa vyovyote vile mazungumzo yatakavyokwenda. Anayedhani kwamba Ulaya ilikuwa mahali salama siku zote akumbuke Spinosaurus wa Misri: mifupa yake ya kwanza, iliyochimbwa Bahariya mwaka 1912, iliteketea Munich mwaka 1944 katika mashambulizi ya mabomu.

Kanada, Mongolia na kwingineko

Kama haja yako ni idadi na aina nyingi kwa safari moja, Alberta, Kanada, ndiyo jibu langu. Dinosaur Provincial Park, iliyopewa hadhi ya Urithi wa Dunia mwaka 1979, ni bonde la mto Red Deer lenye vilima vikavu vyenye mistari, vilivyochongwa na maji hadi vikawa kama vichuguu vikubwa, na humo wametambuliwa zaidi ya aina 40 za dinosaria walioishi takriban miaka milioni 75 iliyopita, mwishoni mwa Kretasi. Sehemu kubwa ya eneo haingiliki ila kwa kuongozwa, na ziara hizo hufanyika hasa majira ya joto. Faida yake juu ya Utah ni kwamba unatembea juu ya ardhi inayoendelea kutoa mifupa kila mvua inaponyesha, na mwendo wa takriban saa mbili kwa gari utakufikisha Drumheller, kwenye makumbusho ya Royal Tyrrell, ambako mafundi huonekana kupitia kioo wakisafisha mifupa kwa vyombo vidogo. Yaani haja zote tatu nilizozitaja mwanzo hukidhiwa kwa siku mbili. Wasiwasi wangu ni mmoja tu: wanyama wa huko ni wa zama tofauti kabisa na wa Tendaguru, kwa hiyo anayetafuta ndugu wa mjusi wetu hatawapata.

Gobi ya Mongolia ni ya wasafiri wenye subira. Miamba myekundu ya Bayanzag ilipata sifa mwaka 1923, msafara wa Roy Chapman Andrews ulipopata viota vya mayai. Mnyama aliyekutwa karibu na mayai aliitwa Oviraptor, mwizi wa mayai, na akabeba lawama hiyo kwa miaka 70 hadi kilipopatikana kiinitete ndani ya yai la aina hiyohiyo na kuonesha kwamba wanyama hao walikuwa wazazi. Mandhari ni ya ajabu, umbali ni mkubwa, na mifupa mizuri imo mjini Ulaanbaatar, akiwemo Tarbosaurus aliyetoroshwa, akauzwa kwa mnada New York mwaka 2012, kisha akarudishwa nchini kwake mwaka 2013. Nalitaja jambo hili la mwisho kwa makusudi, kwani linaonesha kwamba mifupa huweza kurudi.

Argentina inawafaa wanaopenda kuona wadogo wa mwanzo na majitu ya baadaye. Ischigualasto, ambako magari ya wageni huingia kwa msururu nyuma ya kiongozi, ina dinosaria wa kale kama Eoraptor, mdogo kiasi cha mbwa, wa takriban miaka milioni 230 iliyopita. Na Trelew, mbali huko Patagonia, ina Patagotitan, ambaye mfupa wake wa paja unakaribia mita 2.4 na ambaye mabaki yake yaliguswa kwanza na mfanyakazi wa shamba. China nayo ina makumbusho ya Zigong yaliyojengwa juu ya machimbo yenyewe, kama Utah, na mkoa wa Liaoning ambako mwaka 1996 alitangazwa Sinosauropteryx, dinosaria mwenye alama za manyoya laini.

Kwa asiyetaka kuvuka bahari, hifadhi ya Golden Gate nchini Afrika Kusini ni chaguo la haki. Hapo, mwaka 1976, James Kitching aliokota mayai ya Massospondylus yenye viinitete ndani, ambavyo ni miongoni mwa viinitete vya kale zaidi vya dinosaria vinavyojulikana. Mandhari peke yake yanastahili safari.

Na usidhani Tanzania iliishia Tendaguru. Kusini, kwenye bonde la Ruhuhu, miamba ya Manda imetoa Nyasasaurus, wa takriban miaka milioni 243 iliyopita, ambaye kama si dinosaria wa kwanza anayejulikana basi ni jamaa yao wa karibu sana, na pia Asilisaurus kongwe, ambaye jina lake lote lina Kiswahili ndani yake. Bonde la Rukwa limemtoa Shingopana na, mwaka 2019, Mnyamawamtuka moyowamkia: mnyama wa mto Mtuka mwenye pingili za mkia ambazo, zikitazamwa kwa nyuma, zina umbo la moyo. Mtaalamu wa nchi yoyote akitaka kumtaja mnyama huyu lazima atamke Kiswahili. Hayo yote, hata hivyo, ni maeneo ya utafiti yanayohitaji vibali, na hayajaandaliwa kupokea watalii.

Nikishauri kwa kifupi

Mwenye watoto na aliyeko Ulaya aende Berlin bila kusita. Aliyeko Amerika Kaskazini achague Alberta kama anataka wingi, na Utah kama anataka kuelewa, na kama ni Mtanzania nampendekezea Utah, kwa sababu ukuta ule unamwonesha Tendaguru ingeonekanaje kama mifupa ingeachwa. Mwalimu wa Lindi, Mtwara au Dar es Salaam mwenye wanafunzi wakubwa aende Tendaguru wakati wa kiangazi, akiwa na picha za Berlin mfukoni za kuwaonesha wakiwa wamesimama kwenye mashimo yenyewe.

Na atakayekwenda huko ajue namna ya kutambua anachokiona. Jiwe la kawaida likivunjika huonesha punje au uso laini. Mfupa wa kale huonesha vitundu vidogo vidogo kama vya sega la nyuki, na wachimbaji wana jaribio la zamani la kugusisha kipande kwenye ncha ya ulimi, kwani mfupa wenye vitundu hunata ulimini na jiwe halinati. Akishaujua, auache. Weka kalamu kando yake ili ukubwa uonekane, piga picha, hifadhi alama ya mahali kwenye simu, na mpe taarifa kiongozi wa kijiji pamoja na Idara ya Mambo ya Kale. Kipande kilichookotwa na kutiwa mfukoni kimepoteza tabaka lake, na bila tabaka mtaalamu hawezi tena kusema kilitoka kwenye tope la wangwa au kwenye mchanga wa ufukweni.